Rangi ya nywele na rangi ya ngozi: historia ndefu, kutoka udongo mwekundu wa ziwani hadi meshi namba 350

BIJOMBO, Uvira, Kivu ya Kusini. Siku ya soko, kwenye vibanda vya sabuni, betri na chumvi, vifurushi vya meshi huning'inizwa juu, mahali jua linapovifikia. Zamani karibu vyote vilikuwa vyeusi. Siku hizi vipo vyekundu kama divai, vya rangi ya shaba, vya bluu, vya zambarau na vya rangi ya asali. Msichana hushika kimoja, hukisogeza karibu na shavu lake, kisha humgeukia dada yake na kuuliza: "Rangi hii itanikubali?"

Swali hilo linaonekana dogo, lakini wengi wamejaribu kulijibu kwa niaba ya mwanamke mweusi: wafanyabiashara wa misafara, viwanda vya Ulaya na Asia, marais, wachungaji wa makanisa na wauza vipodozi. Mara nyingi jibu alilopewa lilikuwa kwamba rangi kali si yake, ni za watu weupe, au kwamba zitamkubali akiwa mweupe kidogo. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Wapo wanaotoka sokoni na meshi mkono mmoja na kopo la mkorogo mkono wa pili, wakitaka ngozi ifanane na ile ya msichana aliyechapwa kwenye kifurushi.

Historia ya eneo hili, kutoka milima ya juu hadi ufuko wa Tanganyika, inaonyesha kuwa jambo hilo limegeuzwa kichwa chini. Watu wa huku walijua kupaka rangi kali kichwani kabla ya kiwanda chochote, na waliichagua rangi kwa kuitazama ngozi waliyokuwa nayo.

Udongo, siagi na mti mwekundu

Tarehe 26 Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, wakitafuta mahali mto Ruzizi unapokutana na ziwa. Burton alichapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1860. Akiwaeleza watu wa Ujiji, aliandika kwamba walijipaka udongo mwekundu usoni na kwenye nywele, pamoja na chokaa nyeupe. Hakupenda alichokiona, kwani alikuwa mwepesi wa kuwadharau watu, lakini ameacha ushahidi: kwenye ufuko huu nywele zilipakwa rangi, na rangi hiyo ilionekana kutoka mbali.

Ndani zaidi ya Kongo, Waluba walikuwa na mpemba, udongo mweupe, na nkula, unga mwekundu. Wakuba wa Kasai walisaga mti mwekundu na kupata tukula, wakauchanganya na mafuta na kujipaka mwilini wakati wa sherehe na wakati wa kumzika mtu. Mashariki, morani wa Kimaasai na wa Kisamburu walisuka nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Kusini kabisa, wanawake wa Kihimba nchini Namibia bado wanapaka otjize, yaani siagi na udongo mwekundu, kwenye ngozi na kwenye misuko yao.

Sehemu hizi ziko mbali sana, na watu wake hawakukutana kuelewana. Hata hivyo nyekundu inajirudia kila mahali. Sababu moja ni kwamba udongo wenye kutu ya chuma unapatikana karibu kila upande wa bara hili. Sababu nyingine inaonekana kwa macho: ngozi nyeusi au ya kahawia mara nyingi ina wekundu ndani yake, na udongo mwekundu huuamsha wekundu huo. Rangi ya kichwani na ya shavuni zinakuwa kama za ukoo mmoja.

Kwenye milima ya Bijombo na jirani zake, wafugaji walithamini zaidi umbo na mng'ao wa nywele. Katika utamaduni wa Rwanda na wa jamii zinazozungumza lugha za karibu na Kinyarwanda, nywele zilinyolewa kwa mistari iliyopinda ya amasunzu, na mama aliyezaa alivaa urugori kichwani. Siagi ya ng'ombe ilipakwa kwenye nywele na ngozi ili zing'ae na zisikauke kwa baridi. Hiyo nayo ni elimu ya rangi, kwa kuwa nyeusi inayong'aa si sawa na nyeusi iliyopauka.

Shanga zilizokataliwa

Watu wa ziwani walikuwa wachaguzi wa rangi, na wafanyabiashara walilijua hilo kwa hasara. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo na Zanzibar ilibeba shanga za aina nyingi hadi Ujiji, na kutoka huko bidhaa zilivushwa hadi upande huu wa ziwa. Kila eneo lilikuwa na shanga zake. Nyekundu ziliitwa samesame. Sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, zilitumika kama pesa kwenye soko la Ujiji. Msafara uliofika na rangi ambayo wenyeji hawakuitaka ulikwama, hata kama mizigo yake ilikuwa mingi. Mwanamke aliyekataa shanga ya buluu na kutaka nyekundu alikuwa anaamua nini kinampendeza, na Mwarabu au mzungu hakuwa na la kufanya ila kurudi na alichotaka.

Misafara hiyo haikuleta shanga peke yake. Ilichukua watu kama watumwa na pembe za ndovu kama mali, na kumbukumbu zake si nzuri. Lakini kwa njia hiyo hiyo lugha ya Kiswahili ilifika ziwani, na pamoja nayo desturi za pwani, ikiwemo hina.

Hina na piko

Hina hutengenezwa kwa majani ya mti mdogo ambao wataalamu wanauita Lawsonia inermis. Majani hukaushwa, husagwa, hukandwa kwa maji, kisha hupakwa. Ndani yake mna kitu kiitwacho losoni, ambacho hushikana na ngozi, kucha na nywele na kuacha rangi kati ya chungwa na nyekundu ya matofali. Maiti ya Farao Ramses II wa Misri, aliyekufa zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, ilikutwa na nywele zenye wekundu wa aina hiyo. Zanzibar, Mombasa na Lamu hakuna bibi harusi anayekosa hina mikononi na miguuni, na wazee wengi wa pwani wanaipaka kwenye ndevu zilizoota mvi.

Hina haiwezi kung'arisha nywele nyeusi. Hufunika tu, kama rangi nyepesi juu ya ubao mweusi. Kwenye mvi hutoa rangi ya chungwa iliyo wazi. Kwenye nywele nyeusi hutoa wekundu unaoonekana mwenye nywele akisimama juani, na ndani ya nyumba hauonekani. Kwa hiyo hina haiharibu nywele, lakini anayetaka rangi kali kwenye nywele nyeusi haipati kwa hina.

Pwani kuna pia piko, rangi nyeusi ya kuchora maua kwenye ngozi. Siku hizi piko nyingi hutengenezwa kwa unga wa kupaka nywele nyeusi, ule wa dukani. Hapo historia inaingia kiwandani.

Kiwanda chafika kichwani

Mwaka 1818 Mfaransa Louis Jacques Thénard aligundua haidrojeni peroksidi, dawa ambayo saluni za Kongo huita oksijeni. Mwaka 1863 mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alieleza habari za parafenilenidiamini, ambayo hujulikana kwa herufi tatu, PPD. Ikichanganywa na peroksidi hugeuka nyeusi na kung'ang'ania ndani ya unywele. Mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya kiwandani, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa L'Oréal. Jina lake la kwanza lilidai kwamba rangi zake hazina madhara.

Madai hayo yanahitaji tahadhari. PPD huwadhuru baadhi ya watu: ngozi huwasha, huvimba, hutoa malengelenge, na mtu akishazoeshwa vibaya mara moja, mwili wake hukataa dawa hiyo maisha yote. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaofika kichwani, na pakiti za huko zinaonya kwamba rangi hizo si za watoto walio chini ya miaka 16. Nchini Sudan, wanawake walioichanganya na hina ili iwe nyeusi haraka walijikuta hospitalini, na waliomeza dawa hiyo walivimba koo na kuharibika figo. Huko pwani ya Waswahili, wapo mabibi harusi waliotoka harusini na makovu ya maua ya piko.

Bidhaa hizi zilikuja mpaka ziwani kwa njia ile ile ya misafara, ila sasa ni kwa chuma. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mizigo hushuka kwenye treni, hupanda mashua na kuteremshwa kwenye bandari ya Kalundu hapa Uvira. Mingine hupitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira. Kutoka Uvira hadi Bijombo ni mlima. Mizigo mingi hupandishwa mgongoni na kichwani, na pakiti ndogo nyepesi kama ya rangi ya nywele ni biashara inayofaa kubebwa hivyo.

Serikali ilipokamata kichwa cha mwanamke

Baada ya uhuru, serikali kadhaa za eneo hili ziliamua kwamba kichwa cha mwanamke ni jambo la taifa. Oktoba 1968, vijana wa chama cha TANU huko Dar es Salaam walitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi vilipigwa vita mjini. Nchini Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi na mawigi katika miaka ya 1970.

Hapa Kongo, tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu aliibadilisha nchi jina ikaitwa Zaire. Siasa ya kurudi kwenye asili ilianza. Majina ya Kikristo yaliachwa, wanaume wakavua tai na kuvaa abakosti, wanawake wakakatazwa suruali na mawigi, na wakaambiwa wavae vitenge. Krimu za kung'arisha ngozi nazo zilishutumiwa. Misuko ya uzi mweusi iliyosimama kichwani ikawa alama ya mwanamke wa Zaire. Sheria za mavazi zililegezwa rasmi Mobutu alipotoa hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, na tai zikarudi shingoni.

Katika siasa hiyo lilikuwemo jambo la kweli. Krimu kama Ambi zilikuwa zimeenea Afrika nzima kuanzia miaka ya 1960, na zilifundisha kwamba uzuri ni weupe. Kuzikataa kulikuwa sawa. Lakini wakubwa walichanganya vitu viwili visivyofanana: kuchubua ngozi, ambako kunamharibu mtu, na kupamba kichwa, ambako hakumharibu. Walisema mwacha asili ni mtumwa, wakasahau kwamba asili yenyewe ilikuwa na udongo mwekundu kichwani. Tangu hapo, nyekundu au bluu kwenye nywele inatazamwa na wazee wengi kama uasi au uhuni, na baadhi ya makanisa huwakatalia waimbaji wa kwaya. Msichana anayebishana na baba yake leo kuhusu meshi ya zambarau anabishana pia, bila kujua, na maamuzi ya miaka ya 1970.

Nyuzi za Japani

Wakati marais wanakataza mawigi, kiwanda kimoja nchini Japani kilikuwa kimeshafungua njia nyingine. Mwaka 1957 kampuni ya Kaneka ilianza kutengeneza uzi uitwao Kanekalon, uliokusudiwa kwanza kwa vitambaa. Uzi huo ni mwepesi, hauwaki moto kwa urahisi, unashika rangi yoyote, na ncha zake zikitumbukizwa kwenye maji ya moto hutulia. Ulifaa sana kwa mawigi, kisha kwa misuko. Hiyo ndiyo meshi, neno lililotoka kwenye Kifaransa na kuwa la kila siku kutoka Bukavu hadi Kalemie.

Meshi ilibadilisha mambo kwa sababu ilitenganisha rangi na kemikali. Anayetaka bluu hahitaji tena kuichoma nywele yake. Anasukwa Jumamosi, anavaa rangi wiki sita, na asipoipenda anaifumua. Kwa wanawake wengi waliokimbia vita vya milima ya juu na kufika Uvira, Bujumbura au kambi za wakimbizi, kusuka kumekuwa kazi ya kwanza ya kupata chakula, kwa kuwa vyombo vyake ni chanuo na vidole tu.

Rangi za meshi zina namba, na msusi mzuri huzijua kwa kichwa. Namba 1 ni nyeusi tititi. 1B ni nyeusi ya kawaida, inayofanana zaidi na nywele za watu wengi. 2 na 4 ni kahawia. 27 ni asali. 30 na 33 ni kahawia yenye wekundu, ya pili ikiwa nzito zaidi. 350 ni shaba. 99J ni divai. 613 ni manjano iliyopauka. Pakiti yenye namba mbili, kwa mfano 1B na 27, huanza nyeusi juu na kumalizikia asali chini. Viwanda hutofautiana kidogo, kwa hiyo namba husaidia kuanza tu. Jicho ndilo linalomaliza.

Nani alisema weusi ni rangi moja?

Jicho hilo lilipotoshwa kwa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walitoka kama vivuli wenye meno. Kampuni ilianza kurekebisha filamu zake baadaye, na miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao kahawia zao hazikuonekana tofauti.

Mwaka 1980, Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu kilichouzwa sana, Color Me Beautiful, kilichogawa watu katika majira manne ya mwaka kulingana na ngozi, macho na nywele, na kumpa kila mmoja rangi zake. Weusi karibu wote waliwekwa kwenye fungu moja, la majira ya baridi. Kama vile kunde, kahawa na makaa ni kitu kimoja.

Lugha za huku zilijua zaidi ya hapo. Mswahili wa pwani hutofautisha mweusi tii na maji ya kunde. Kwa Kinyarwanda na lugha za jirani, mtu wa ngozi ya kahawia iliyo wazi huitwa inzobe, jina la swala wa kwenye matope, na mweusi sana huitwa igikara. Aliyebuni maneno hayo alikuwa ametazama ngozi kwa makini. Kuchagua rangi ya nywele ni kurudia kazi hiyo hiyo ya kutazama.

Jambo la kwanza la kutazama si kiasi cha weusi bali kilicho chini yake. Ngozi mbili zenye weusi sawa zinaweza kuwa moja na dhahabu ndani na nyingine na wekundu au ubuluu ndani. Ushauri wa vitabu vya kizungu wa kutazama mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya bluu haufai kwa mtu mweusi, kwa sababu mishipa haionekani vizuri. Njia inayofaa ni kukaa mlangoni mchana, uso bila poda, na kuweka kitambaa cha rangi ya chungwa chini ya kidevu, kisha cha bluu. Kimoja kitafanya uso uonekane umelala vizuri. Kingine kitaufanya uonekane wa majivu au mchovu. Hereni za dhahabu na za fedha hufanya kazi hiyo hiyo.

Mwenye dhahabu ndani, awe inzobe au mweusi, hukubaliwa kwa kawaida na shaba, asali, kahawia nyekundu na nyekundu ya tofali. Mwenye ubuluu au wekundu wa zabibu ndani hukubaliwa na divai, zambarau, bluu nzito na kijani cha chupa. Mweusi tii anaweza kubeba rangi kali kuliko mtu yeyote, kwa sababu rangi safi husimama vizuri kando ya weusi. Kinachomsumbua ni rangi zilizochanganywa na maziwa, kama waridi hafifu au manjano ya 613 ikiwa peke yake, ambazo hugeuka vumbi. Akizitaka, aanze na 1B juu ili weusi ubaki karibu na uso. Mtu wa maji ya kunde naye aogope kahawia inayolingana kabisa na ngozi yake, kwa kuwa uso na nywele hugeuka kitu kimoja na uso unapotea.

Hayo si sheria. Ni mazoea ya macho, na kitambaa mlangoni kinaweza kuyakanusha.

Kama ni nywele zenyewe

Wapo wasiotaka meshi, wanataka nywele zao wenyewe ziwe na rangi. Hao wajue kwamba nywele nyeusi haipokei rangi kali mpaka weusi wake uondolewe kwa peroksidi, na weusi hauondoki mara moja. Hupita kwenye kahawia nyekundu, kisha nyekundu, chungwa, dhahabu, manjano, hadi manjano iliyopauka. Kila hatua hudhoofisha unywele.

Ndiyo maana divai na shaba ni rangi za bei nafuu kwa kichwa cheusi: zinapatikana kwenye hatua za mwanzo. Bluu safi inahitaji kwenda hadi mwisho, na ikipakwa juu ya manjano isiyopauka vizuri hutoka kijani. Nywele zilizolainishwa kwa dawa hazipaswi kuchomwa tena kwa peroksidi siku hiyo hiyo. Ni vema kungoja wiki mbili au zaidi, na hata hivyo nyingine zitakatika. Peroksidi ya asilimia 12 ina nguvu mno kwa ngozi ya kichwa. Na rangi yoyote yenye PPD ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio saa 48 kabla, tone moja tu.

Kwa Bijombo kuna mambo mawili zaidi. Dawa hizi huoshwa kwa maji mengi, na anayechota maji bondeni asianze kabla ndoo hazijajaa, kwa sababu dawa haingojei. Pili ni jua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miale mikali ya jua huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila mtu anapopanda mita 1,000. Uvira iko ziwani, kwenye mita 770 hivi. Milima ya juu imepita mita 2,000. Baridi huwadanganya watu, lakini jua la huku hupausha rangi ya nywele haraka kuliko la mjini, na kitambaa cha kichwa ndicho kinga.

Jua hilo hilo ni adui mkubwa wa aliyejichubua. Haidrokwinoni na zebaki, ambazo hukutwa kwenye mikorogo mingi, huondoa weusi unaoilinda ngozi. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi ya bluu shavuni, mahali pale pale palipotafutwa weupe. Afrika Kusini iliikataza kwenye vipodozi mwaka 1990, Umoja wa Ulaya mwaka 2001, na Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Mipaka ya ziwa ni mirefu, na makopo bado yanavuka.

Kwa hiyo msichana aliyeshika kifurushi sokoni ana njia rahisi ya kujibiwa. Anaweza kununua kifurushi kimoja tu cha rangi anayoitamani, asukwe mistari miwili au mitatu ya mbele na iliyobaki iwe 1B, akae nayo wiki moja, ajitazame asubuhi na jioni, na asikie watu wanasema nini. Meshi mpya iloweshwe kwanza kwenye maji yenye siki kidogo ili isiwashe. Rangi ikimkubali, ataongeza. Ikimkataa, atafumua mistari mitatu na hasara itakuwa ya kifurushi kimoja. Ngozi haifumuliwi.